Shati Kwenye Koki

Haya yalimpata shemeji yangu Kasiani, mume wa dada yangu Anastazia. Hapa Mikumi, ninapouza chai na vitumbua kando ya barabara kuu, najulikana kuwa si mtu wa kutishika ovyo. Paka akilia juu ya bati, mimi nasema ana njaa.

Kasiani alikuwa fundi bomba kule Kidete. Babu yake aliletwa na kazi ya reli, akalihudumia tangi la mawe lililojengwa mlimani kwa ajili ya treni za mvuke. Treni zile zilikufa, tangi likabaki, na juzijuzi kijiji kikalikarabati ili kipate maji ya bomba. Pamoja na tangi, Kasiani alirithi desturi ya babu. Anayeingia ndani kusafisha huvua shati na kulifunga kwenye usukani wa koki ya kuingizia maji. Ukilikuta shati, hugusi koki, maana maji ya mlimani humwangusha mtu kabla hajaifikia ngazi. Na shati hulifungua mwenyewe tu.

Nilikwenda Kidete kiangazi kilichopita kumsaidia dada kuuguza. Mto Mkondoa ulikuwa tope tupu, watoto wanaharisha, na bintiye Agatha alikuwa amelegea kitandani hata kulia hawezi. Wote tulisubiri tangi lifunguliwe. Kasiani akapanda asubuhi kwenda kuachia maji, akarudi jioni bila kitu.

Alisema amekuta shati kwenye koki. La kaki, zito, la vifungo vya shaba, tena limelowa. Amechungulia tangini, hamna mtu. Ameita, hamna jibu. Basi akakaa akamsubiri mwenye shati kutwa nzima. Nilimtania kwamba labda mwenyewe ameenda kununua jingine. Hakucheka.

Kesho yake shati lilikuwa palepale. Samson, mwenyekiti wa kamati ya maji, akasema huo ni utani wa vijana, na watoto watakwisha huku fundi analinda nguo. Kasiani alimtazama Agatha, akapanda tena. Akalifungua shati la mtu, akalitupa kichakani, akaachia maji.

Maji yalifika kabla ya adhuhuri. Wanawake walipiga vigelegele, na mimi nikakinga ndoo ya kwanza. Tulichemsha, tukampa Agatha kidogokidogo. Akanywa, akafumbua macho. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Kisha bomba la uani likagonga.

Ngo. Ngo. Ngo.

La jirani nalo likagonga. Samson akasema ni hewa. Hata mimi nilisema ni hewa. Kasiani aliweka kiganja juu ya chuma, akanong'ona, "Hewa haipumziki ikichoka. Huyu anapumzika."

Akapanda kwenda kufunga koki na kutazama ndani. Dada akamfuata. Mimi nikabaki na mtoto, kwa hiyo yaliyobaki ni maneno ya Anastazia, aliyoyasema mara moja tu.

Walisubiri tangi likauke. Kasiani akavua shati lake la buluu, akalifunga kwa mafundo mawili. Akamwambia mkewe, "Usiliguse. Hata nikikwambia mimi."

Akashuka. Dada alisikia fagio likisugua sakafu. Jua lilikuwa kali. Fagio likanyamaza.

Sauti ikatoka nyuma yake, njiani. Sauti ya mumewe.

"Mama Agatha, nimeshatoka. Fungulia, mtoto ana kiu."

Aligeuka. Mwanamume alikuwa anashuka kilima, mgongo wazi, anachuruzika maji. Mabega ya Kasiani. Mwendo wa Kasiani. Dada alishukuru Mungu, akafungua mafundo, akazungusha usukani. Maji yakaingia kwa kishindo.

Chini yake, kuta za mawe zikaanza kugongwa. Na humo ndani mtu akamwita jina lake.

Alifunga koki. Alikuwa amechelewa. Wanaume walipofika walikausha tangi lote, wakakuta ngazi na fagio. Maiti hamna. Bomba la kutolea maji lina chujio ambalo hata kidole hakipiti. Kichakani, shati la kaki halikuwepo.

Agatha alipona. Anamuuliza mama yake baba amekwenda wapi, na mama yake anatazama bomba.

Shati la buluu dada alirudi nalo nyumbani, akalala amelikumbatia. Kulipokucha lilikuwa mlimani kwenye koki, mafundo mawili. Dada amekataza mtu yeyote asiliguse, na kijiji, Samson akiwemo, kimemsikiliza. Maji wanachota mtoni, wanachemsha.

Mwezi uliopita nilipanda naye, nikalishika kwa mkono wangu huu. Lilikuwa limelowa, na mvua haijanyesha. Lilikuwa na joto, kama la mtu aliyelivua sasa hivi.

Juzi dada alinipigia simu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilimsikia anacheka. Akasema fundo moja limefunguka, na hakuna aliyepanda kilimani. Kasiani anatoka.

Nilimuuliza ana hakika gani kuwa ni Kasiani. Kabla hajajibu, upande wake wa simu, nilisikia bomba la uani.

Ngo. Ngo.

Na sauti ya shemeji yangu, karibu kabisa na simu, ikamwambia akate.