Mdogo Wangu na Kidole cha Mama

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, mama wa watoto wawili, fundi cherehani hapa Pasua, Moshi. Niite Aikande. Ninayoyaandika yalinipata mimi na mama yangu mzazi, na mpaka leo nikiyakumbuka napata kichefuchefu, kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyoharibika bila kujua.

Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi Moshi na wanangu nikapanga chumba kimoja. Mama alikuwa anaishi Marangu kwenye kihamba chetu, yaani lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa alilotuachia marehemu baba. Aliishi na mdogo wangu wa mwisho, Godlisten. Kwa mila zetu kihamba hubaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume, na mimi sikuwa na neno juu ya hilo. Ila mama aliniambia mbele ya baba mkubwa kwamba ile kona ya chini, karibu na mfereji, ningepewa mimi nijenge vyumba viwili nikae na wanangu. Godlisten aliitikia kwa kichwa. Nikaamini ameridhika.

Mama alikuwa na simu ya kioo niliyomnunulia mimi. Nilichagua ile ambayo kitufe cha kuwashia, pale ubavuni, ndicho hicho hicho kinachosoma alama ya kidole. Unaweka dole gumba, simu inafunguka. Niliweka pia namba ya siri, maana simu kama hiyo ikizimwa na kuwashwa upya haikubali kidole mpaka kwanza uingize namba. Namba aliichagua mama mwenyewe, na kila nikimtembelea alinitamkia ili nione hajaisahau. Kuandika hakupenda. Alikuwa anatuma sauti. "Aikande, mae, mwanangu, watoto wamekula?" Kila asubuhi nilifungua kibanda changu nikiisikiliza sauti hiyo.

Asubuhi moja sauti haikuja. Ulikuja ujumbe wa maandishi.

"Nimesikia unavyonisema huko mjini. Umenidhalilisha. Usije nyumbani mpaka nikuite."

Nilisoma nikarudia. Nilimsema kwa nani? Nilisema nini? Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena, ikakatwa. Ukaja ujumbe mwingine: "Nimesema sitaki."

Nikampigia Godlisten. Akanijibu kwa upole kabisa, ule upole wake wa kanisani. "Dada, mama amekasirika sana. Kuna mtu kamletea maneno. Mwache apoe kwanza."

Nikamuuliza mbona anaandika wakati hapendi kuandika. Akasema koo linamsumbua, hata kuongea hataki.

Nililia juu ya kitambaa cha mteja. Wiki ile zilikuja jumbe nyingine, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Moja iliniambia kwamba mwanamke aliyeshindwa ndoa hana haki ya kurudi kugawana ardhi na wadogo zake. Hapo ndipo niliposikia moyo wangu unapasuka. Mama ndiye aliyenipokea siku nilipofukuzwa na mume. Ndiye aliyenipikia mtori wa ndizi na nyama kama mzazi mchanga na kuniambia nisione aibu. Ni yeye kweli anayeniandikia hivi?

Jumamosi nilishindwa kuvumilia, nikapanda Marangu. Godlisten alinikuta kwenye njia ya migomba kabla sijaufikia mlango. Akanishika bega. "Amelala, dada. Nimemwambia unakuja, akasema ukiingia atatoka yeye. Usimpandishe presha. Mzazi akilaani, unajua tena."

Nilisimama pale. Mlango ulikuwa wazi nusu. Niliita, "Mama, shikamoo." Nilisikia kama kitu kinagonga mbao ndani, mara kadhaa, taratibu. Nikamwuliza ni nini, akasema ni mbuzi. Nikaweka mkate na sukari chini, nikageuka, nikarudi Moshi.

Kugonga kule... nitakueleza baadaye kulikuwa nini.

Siku iliyofuatia Jumamosi hiyo, mimi nikiwa nimetoka kanisani, Godlisten alinifuata kibandani akiwa na simu ya mama mfukoni. Alikuwa anatokwa jasho. Alisema simu imeanza ukichaa: inajizima na kujiwasha yenyewe, kioo kinawaka na kuzima bila kuguswa, na sasa inadai namba ya siri.

"Mama kasahau namba yake. Kanituma kwako."

Nikamwangalia. Mama yangu asahau namba ile? Nikamwambia, "Mpigie kwa simu yako, niongee naye, nimkumbushe mwenyewe."

"Si nimekwambia hataki kuongea na wewe?"

"Hataki kuongea na mimi, lakini amekutuma kwangu?"

Nikanyoosha mkono, na kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, akanipa simu. Akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yake yakigusa meza ya cherehani.

Niligundua tatizo mara moja. Kitufe kilikuwa kimenasa, kimezama ndani na hakirudi, ndiyo maana simu ilidhani kuna mtu anaibonyeza wakati wote. Nilitoa kava. Pembeni mwa kitufe kulikuwa na uchafu umeganda, mzito, wa rangi ya njano. Nilichukua sindano, nikaizungushia pamba, nikaanza kuuchokoa. Harufu ilipopanda niliitambua: dawa ya kuchua, ile ya mgonjwa aliyekufa ganzi. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya uji.

"Mama anachuliwa nini?" nikauliza.

"Mkono tu. Baridi."

Niliendelea kusafisha mpaka kitufe kikaanza kurudi. Simu ikawaka, nikaingiza namba, ikafunguka. Nilipokijaribu, kitufe kilibonyea mara mbili kwa haraka, na simu ile, kitufe kikibonyezwa mara mbili, inafungua kamera. Kamera ikafunguka. Pale chini pembeni kulikuwa na kiduara kinachoonyesha picha ya mwisho iliyopigwa. Nikakigusa.

Kwanza niliona blanketi. Picha iliyotangulia, blanketi tena. Nyingine dari. Nyingine ukungu mtupu. Zilikuwa nyingi, na hakuna mtu aliyezipiga kwa kukusudia. Mtu alikuwa akihangaika na vitufe vya ubavuni, kamera inajifungua, inapiga, naye hajui.

"Nipe, dada, inatosha," alisema Godlisten, mkono wake umeshafika mezani.

Nikasogeza kiti nyuma. Picha iliyofuata ilikuwa uso wa mama.

Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mate yamekauka kwenye shavu. Jicho moja limelegea, lakini lile lingine lilikuwa wazi kabisa, linatazama moja kwa moja. Na kwenye kona ya picha kulikuwa na mkono wa mwanamume umeshika kiganja cha mama, umekikunjua kwa nguvu, dole gumba limevutwa mbele. Saa iliyokuwa kwenye ule mkono niliijua. Ilikuwa hapo mbele yangu, juu ya meza yangu.

"Mama ana nini mdomoni?" nikauliza.

"Alipata presha kidogo."

"Lini?"

Akauondoa mkono mezani, akaushusha magotini.

"Godlisten. Ni nani amekuwa akiniandikia?"

Wasomaji, nilitegemea atakana. Nilitegemea atalia. Alinyoosha shati lake akasema, kwa sauti ile ile ya upole: "Nilikuwa namsaidia. Lakini kidole ni chake, dada. Kila ujumbe, amefungua mwenyewe kwa kidole chake."

Niliyasikia maneno hayo yakinitambaa mwilini kama funza. Nilifungua jumbe zilizotumwa. Zangu zilikuwemo. Chini yake zilikuwemo zilizotumwa kwa baba mkubwa na shangazi: "Nimebadili mawazo. Ile kona ya mfereji Aikande asipewe. Kihamba chote ni cha Godlisten." Na zote ziliishia kwa "Mungu awabariki."

Mama yangu alikuwa amepigwa na kiharusi. Mtoto wake alimlaza chumba cha nyuma, hakumpeleka hospitali, na kila alipotaka kuandika aliingia mle akachukua mkono uliokufa ganzi, akaubandika kwenye simu kama mtu anayebandika muhuri!

Nilimwomba jirani mwenye gari anipeleke Marangu saa hiyo hiyo. Sikumngoja Godlisten, na simu ya mama niliondoka nayo.

Nilipofika, jirani yetu Mama Ndeshi alikuwa anakata majani ya ng'ombe karibu na njia. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Leo umekumbuka una mzazi? Mdogo wako amekuomba mpaka amechoka. Amesema umekataa kuja kumuuguza, unadai kwanza uandikiwe ardhi. Nami nikabisha, nikasema Aikande hawezi. Jana nikakuona kwa macho yangu, umefika mpaka hapo, umetupa mfuko chini, umegeuka."

Ningesema nini? Aliniona kweli.

Mlango wa chumba cha nyuma ulifungiwa komeo kwa nje. Harufu ilinipiga kabla sijaingia. Mama alikuwa amelala kwenye godoro lililolowa, mgongo umeanza vidonda, nywele zimeshikana. Pembeni yake bakuli la uji limekauka, na nzi. Aliponiona lile jicho lilijaa machozi. Akauinua mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, akaanza kugonga ubao wa kitanda. Taratibu. Mara kadhaa.

Sauti ile ile ya Jumamosi. Mama yangu alisikia nikimwamkia. Aliniitikia kwa njia pekee aliyobakiwa nayo... nami nikaambiwa ni mbuzi, nikaondoka.

Mama Ndeshi alikuwa amenifuata nyuma. Alipoona komeo lile na hali ile aliweka panga chini, akakaa sakafuni akalia. Yeye alikuwa akiambiwa mgonjwa anapumzika, na uji anaouleta anaupokelea Godlisten mlangoni. Tulimwogesha pamoja, tukambeba mpaka garini.

Hospitali, daktari alisema kama angeletwa mapema huenda angezungumza tena.

Nilikaa na mama Pasua katika chumba changu kimoja. Wanangu walijifunza kumlisha. Alinenepa kidogo, hata kucheka akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Ila kulikuwa na jambo moja. Kila nilipotoa simu yangu, hata kama ni kutazama saa tu, mama alitumia mkono mzima kuuchukua ule uliokufa na kuuficha chini ya kanga. Anauficha mkono wake mwenyewe! Nilimwambia, mama, ni mimi. Hakuacha. Nikazoea kupokea simu nje, kwenye mvua hata kwenye jua.

Ukoo ulikaa kikao. Niliwaonyesha wazee picha na jumbe. Baba mkubwa alitazama picha ile ya uso, akavua miwani, akairudisha simu kwangu akiwa ameishika kwa ncha za vidole. Nilidhani sasa atasema neno. Akasema, "Mambo haya yasitoke nje. Tuyamalize nyumbani. Mwenye kihamba ni mtoto wa mwisho, hilo halibadiliki." Kisha mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa. Wakapokezana kata, na Godlisten alikunywa nao. Nilibaki natazama midomo yao ikilowa, nikajiuliza hawa nao wameumbwa na nini.

Kuhusu ile kona, baba mkubwa alisema nitapewa nikiwa mvumilivu. Nilimjibu, "Sitaki tena, baba. Mwacheni ailime." Nilisema kweli. Nisingeweza kulala kwenye udongo ule nikijua alichokifanya kuupata.

Masika yalipoanza mama alifariki, usingizini, mwanangu wa kike akiwa amemlalia ubavuni. Kwa mila ilibidi azikwe kihambani, kando ya baba. Godlisten alivaa suti nyeusi. Alisimama mbele ya waombolezaji akashukuru kwa ajili ya mama aliyemlea na, alisema, aliyemwachia baraka zake. Watu wakaitikia amina. Baada ya kuweka mashada alinijia amenyoosha mkono anipe pole. Niliutazama ule mkono, na ile saa. Nilipita pembeni yake nikaenda nyuma ya migomba nikatapika mpaka nikabaki na maji machungu tu. Mama Ndeshi alinishika kichwa. Wengine walisema ni uchungu wa msiba.

Sijawahi kurudi pale. Kaburi la mama analipalilia Mama Ndeshi.

Najua wapo watakaoniambia nisamehe. Labda ipo siku. Kwa sasa nikisikia sauti ya upole ya mwanamume kanisani, najikuta nauangalia mkono wake.

Ndugu zangu, ninaandika kwa sababu wengi wetu tuna wazazi kule juu mlimani, na tumewanunulia simu, tukaridhika kwamba tunazijua hali zao. Simu haijui hali ya mtu. Haijui kama kidole kinachoigusa kimekuja kwa hiari au kimevutwa. Mzazi wako akibadilika ghafla kwenye maandishi, akawa mkali asivyokuwa, usikae ukalia kama mimi. Usitume mtu akuulizie. Usikubali jibu la mlangoni. Nenda, na ukiambiwa amelala, ingia umtazame amelala. Ukiambiwa hataki kukuona, ingia aseme mwenyewe. Kama ni kukufukuza, akufukuze kwa mdomo wake, ukiwa umesimama naye uso kwa uso. Aibu ya kufukuzwa na mama inapona.