Zamu ya Mlima

Alfajiri mashine iliyoitwa mkamua-ukungu ilifungua mikono yake juu ya kilele, kila mkono umebeba wavu mwembamba kuliko chandarua. Feni zikavuta ukungu, nyavu zikajikunja na kujikamua zenyewe, kama mama anavyokamua kanga, na maji yakateremka kwa bomba hadi ndivani, bwawa la kijiji ambamo kila nyumba huchota maji kwa zamu. Tangu moto uunguze msitu wote, na mvua kukataa kurudi, hakukuwa na maji mengine.

Nakiete, fundi wa mashine, mzaliwa wa papo hapo, alikuwa akifuta masizi kwenye nyavu shangazi yake Namsifu alipofika akihema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hilo dude lako linakunywa kama mlevi wa harusini. Tazama."

Akafungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na machipukizi ya miti, yamekauka, yanavunjika kama majani ya chai.

Nakiete akaelewa. Visiki vilivyoungua vilikuwa vimeanza kuchipua, na kinywaji chao ni ukungu tu. Mashine iliagizwa isibakize hata tone, maana watu wana kiu.

"Siku mashine ikiharibika, na mlima ni upara, itakuwaje?" shangazi akauliza. "Upe mlima zamu, kama nyumba nyingine. Leo sisi, kesho mlima."

Jioni wanakijiji wakakutana ndivani. Siku ya mlima, maji ya akiba yangetosha watu tu. Mifugo isingepata kitu. Kitururu, mgawa maji, akamgeukia Namsifu, akacheka.

"Majivu nayo yana koo? Haya, tuanze kumnyima nani, Mama Ng'ombe?"

Watu wakacheka naye. Kila mtu alimjua Sode, mtamba wa Namsifu, aliyetolewa motoni sikio moja limeungua, na sasa ana mimba. Ndiye ng'ombe pekee aliyembakia.

"Anza na wangu," Namsifu akasema.

Kicheko kikakatika, na zamu ya mlima ikakubaliwa.

Basi siku za mlima Nakiete aliikunja mikono ya mashine, ukungu ukapita juu ya madebe matupu na kulala kwenye visiki vyeusi. Sode alilamba mawe yenye umande. Wiki zikapita, mbavu zikamtoka, mpaka asubuhi moja akajilaza asiinuke. Namsifu alimpakata kichwa, akimpangusa midomo kwa ncha ya kanga iliyolowa.

Nakiete alikuja mbio. "Shangazi, niiwashe. Leo tu, nakuomba."

"Ukiiwasha leo kwa ajili yangu, kesho atakuja mwingine na mbuzi wake. Acha, mwanangu."

"Lakini ana ndama!"

"Najua ana ndama. Si mimi ninayemshika tumbo kila siku?"

Kabla ya adhuhuri Sode alikufa, na ndama wake tumboni.

Namsifu akainuka, akapanda mteremko peke yake, kanga imefungwa kiunoni. Akapiga magoti kando ya kisiki na kuchomeka kidole ardhini. Majivu yalikuwa yamelowa mpaka kiungo cha pili.

Akatafuta chipukizi kwa macho, kisha kwa vidole, kisiki kwa kisiki. Hakuna kitu kilichokuwa kimechipua upya bado.