"Fundi Tu, Shangazi"

Jumamosi ile duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu, na msichana alikuwa akitoka na maboksi mawili ya skrini za kompyuta yaliyomziba uso wote. Alivaa gauni jepesi la maua ya zambarau na raba nyeupe. Kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi, na kwa muda mrefu alikuwa ameihangaikia kwenye skrini moja ndogo hadi macho yakawa mekundu. Furaha ya siku hiyo ilimfanya asiione ngazi. Boksi la juu likateleza.

"Polepole, bosi!" Mikono miwili ikalidaka.

Mwenye mikono alikuwa kijana mrefu, shati la kijani limenyooka pasi, vidole vina madoa ya rangi.

"Umeniokoa," msichana alisema akihema. "Lingevunjika ningelia hapa hapa."

"Afadhali hukulia. Watu wangesema nimekupora."

Msichana alicheka hadi boksi la pili nalo likataka kumponyoka. Kijana alimbebea yote mawili mpaka kwenye teksi. Njiani alimwambia kwamba yeye ni mchoraji wa majalada ya vitabu, na kabla mlango wa teksi haujafungwa walikuwa wameshapeana namba.

Jioni msichana akampigia simu. "Mchoraji, moja inawaka, nyingine inaniambia haioni kitu."

"Waya wake umeuchomeka wapi?"

"Kwenye tundu."

"Matundu yako mengi, bosi wangu. Ule wa skrini inayowaka uko wapi?"

Akapiga magoti chini ya meza. "Uko chini. Huu mwingine uko juu."

"Basi uhamishie chini, karibu na mwenzake. Wanataka kukaa jirani."

Skrini ikawaka. Msichana akapiga kelele za furaha, kisha akagundua kwamba kishale cha kipanya kikienda kulia kinatokea kushoto. Wakalitatua hilo pia kwa simu, maana kompyuta ilikuwa imezipanga skrini kinyume. Kazi ikaisha, lakini simu haikukatwa. Siku zilizofuata walipigiana hata kuulizana tu kama wameshakula.

Siku moja msichana alimwambia kwamba kwenye skrini ya kushoto shela la bibi harusi ni jeupe, na kwenye ya kulia ni la manjano kama limefuliwa na maji machafu. "Hapo lazima nije mwenyewe," mchoraji akasema, na sauti yake ilionyesha wazi kwamba alikuwa akitafuta sababu.

Akaja. Wakakaa bega kwa bega, yeye akipunguza unjano kidogo kidogo, msichana akimwambia ongeza, punguza, hapo hapo. Shela likawa jeupe pande zote. Mchoraji akageuka kumtazama, na msichana hakukwepesha macho.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia shangazi, mkunga wa hospitali, bado kavaa sare nyeupe. Ndiye aliyemlea msichana tangu wazazi wake walipofariki, na maneno yake yalikuwa machache na makali.

"Nani huyu?"

Msichana aliruka kutoka kitini. "Ni... fundi, shangazi. Fundi tu."

Mchoraji alisimama. Alimwamkia shangazi kwa adabu, akaaga, akatoka. Barazani msichana alimfuata. "Usikasirike, niliogopa."

"Sijakasirika," alijibu bila kugeuka. "Nimejua nafasi yangu. Kazi imekwisha, na fundi huondoka."

Kuanzia hapo mchoraji hakupiga tena, wala hakupokea simu. Msichana alipiga mpaka akaona aibu.

Kisha skrini ya kulia ikazimika, katikati ya kazi ya watu. Kidole chake kilishafika kwenye jina la mchoraji, akakirudisha. Hapana. Nikimwita leo, atadhani namwita kwa sababu ya skrini. Akashika tochi, akaingia chini ya meza. Alibadilishanisha nyaya za skrini mbili, na giza likahamia kushoto. Basi mbovu ni waya. Akaenda kununua mwingine, akauchomeka, picha ikarudi. Ndipo alipomtumia ujumbe: "Skrini zote zinawaka. Sina tatizo lolote. Nakutaka wewe."

Simu ikaita papo hapo.

"Unasema kweli huna tatizo?"

"Ninalo. Nimekukosa."

"Shangazi yako yupo?"

"Yupo. Njoo hivyo hivyo."

Alikuja mikono mitupu. Msichana alimshika mkono, akamwingiza sebuleni.

"Shangazi, siku ile nilikudanganya. Huyu si fundi. Ndiye ninayempenda."

Shangazi alivua miwani. "Mimi nilijua. Fundi gani anamtazama mwenye kompyuta, kompyuta yenyewe haiangalii? Kilichoniuma ni wewe kunificha, mwanangu. Nimekulea kwa ukali, lakini sikukulea unikimbie." Akainuka. "Kaa, baba. Naweka chai."

Msichana alifuta machozi kwa kiganja. Alijiona amepewa vitu vingi kwa mpigo mmoja.

"Asante," alimwambia mchoraji.

"Asante ya nini?"

"Ya kurudi. Ungeweza kukataa."

"Kila ulipopiga nilikaa na simu mkononi kama mgonjwa anayeogopa majibu," alikiri. Kisha akamshika mikono yote miwili. "Mpenzi, nilitaka nisubiri mambo yatulie, lakini nimeshaonja kukukosa. Utakubali niwe mume wako?"

Msichana alinong'ona kitu.

"Sijasikia, bosi wangu."

"Ndiyo. Nimesema ndiyo."

"Semeni kwa sauti!" shangazi akaita kutoka jikoni. "Maji yanachemka, huku sisikii!"