Walipiga Kura Nikiwa Msibani

Nina miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Kilosa. Stashahada yangu ya kompyuta nilijisomesha mwenyewe kwa kukaanga chipsi Dar es Salaam. Niliporudi nyumbani, hakuna aliyenifikia kwa utaalamu. Nasema bila aibu.

Mfumo wa kuhifadhi vyumba katika gesti za Mikumi niliujenga mimi. Nikawaingiza ubia rafiki yangu Shabani na mchumba wangu Neema. Seva, yaani kompyuta zinazoendesha mfumo, zilikuwa tatu: moja kwangu Kilosa, mbili ofisini Mikumi. Niliwafundisha kwa uvumilivu: seva moja ni kiongozi. Ikizimika, zilizobaki zinaiita. Isipoitika zinapiga kura, na wingi, yaani mbili kati ya tatu, unachagua kiongozi mpya. Mteja hajui lolote.

Mama akaugua huko milimani, ambako simu haishiki. Nilimuuguza hadi tukamzika...

Niliporudi ofisini, Shabani alikuwa kwenye kiti changu. Neema alikuwa na pete ambayo sikuinunua mimi.

"Pole na msiba, kaka," alisema Shabani. "Tulikupigia, hukupatikana. Si ulitufundisha mwenyewe? Asiyeitika, wawili waliobaki wanachagua kiongozi mpya."

Neema akacheka. Mimi nina udongo wa kaburi viatuni, yeye anacheka!

Seva ya kwangu ndiyo iliyokuwa kiongozi. Jumamosi moja, gesti zikiwa zimejaa, niliichomoa umeme, nikapanda basi kwenda Mikumi kuwatazama wakiaibika. Nikakuta mambo yanakwenda kama kawaida. Zile mbili zilikuwa zimeshachagua kiongozi mwingine!

"Karibu bosi wa zamani," alisema dada wa mapokezi pale ofisini. "Unataka chumba?"

Nilipita moja kwa moja hadi nyuma, nikachomoa seva ya pili. Iliyobaki ilikosa wingi, ikakataa kufanya chochote. Mfumo ukasimama. Wageni wakafoka, wenye gesti wakaja mbio.

"Kaka, nakuomba, tunakurudishia cheo," Shabani alinisihi.

"Pigeni kura kwanza," nikamjibu.

Wenye gesti walivunja mikataba wiki hiyohiyo. Shabani sasa anaendesha bodaboda, na Neema amemkimbia. Nikisikia hivyo nalala vizuri... Lakini na mimi nani ananiamini tena? Natengeneza simu sokoni Kilosa, na stashahada yangu iko sandukuni.

Wasomaji wenzangu, nawasihi, msiujenge ubia kama nilivyoujenga mimi. Mkiwa watatu, chunguzeni kwanza kama hao wawili hawapendani.