Siku Nyambura Alipojifanya Hakimu

Asubuhi nyingi Nyambura na mama yake walipishana mlangoni. Mama, ambaye majirani walimwita Peninah, alikuwa akirudi kutoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na Nyambura alikuwa akitoka kwenda shule. Walikumbatiana haraka kwenye korido ya ghorofa yao katika mtaa wa Ladywood, Birmingham, Uingereza. Mama aliuliza kwa Kiswahili kama amekula, Nyambura akajibu kwa Kiingereza kwamba amekula, kisha kila mmoja akaenda zake. Nyambura alikielewa Kiswahili vizuri sana. Ila alikuwa amezaliwa Birmingham, na nje ya nyumba hakupenda kusikika akikizungumza.

Muhula ule darasa lao lilikuwa likisoma jinsi serikali zinavyofanya kazi. Mwalimu Jaswinder aliwaeleza kwamba katika nchi nyingi madaraka yamegawanywa kwenye mihimili mitatu. Bunge hutunga sheria, Serikali huzitekeleza, na Mahakama huamua kesi. Hapa Uingereza, alisema, mawaziri huketi pia bungeni, lakini majaji hawaketi humo. Ronald, ambaye mjomba wake anaishi Texas, alieleza kwamba Marekani ni nchi ya shirikisho. Kila jimbo lina gavana, bunge na mahakama zake, na serikali ya shirikisho iliyoko Washington hushughulikia mambo kama jeshi, sarafu na uhusiano na nchi nyingine. Nyambura naye alikuwa amemuuliza mama yake kuhusu Kenya. Alisema Kenya si shirikisho, ila kila kaunti ina gavana na bunge lake, na hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti. Mwalimu alifurahi, akaandika yote ubaoni.

Kisha akaligeuza darasa kuwa nchi ndogo. Aliwakabidhi chumba cha zamani cha muziki, chenye joto na kinanda cha umeme, wakitumie saa za chakula cha mchana wakati wa baridi. Ronald akachaguliwa spika wa Bunge. Xavier, mvulana mpole aliyependa kuuliza maswali, akawa hakimu. Nyambura akawa waziri mkuu na kukabidhiwa ufunguo wa chumba. Sheria ya kwanza ya Bunge ilikuwa fupi: asiingie mtu na kinywaji, isipokuwa maji katika chupa iliyofungwa, na atakayeleta madhara kwa kinywaji chake atakaa nje wiki moja.

Nyambura aliipenda kazi yake. Kila mchana aliwatangulia wenzake, akakagua madirisha na viti, kisha akaacha mlango wazi, akaenda kula na kurudi na wengine. Wa kwanza kuingia baada yake mara nyingi alikuwa Déborah, msichana aliyehamia kutoka Bukavu, nchini Kongo, baada ya Krismasi. Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo, lakini kwenye kinanda vidole vyake havikuhitaji lugha. Alikuwa amechaguliwa kupiga kinanda kwenye tamasha la shule, na kwa kuwa nyumbani kwao hakikuwepo, alifanya mazoezi hapo.

Jumanne moja mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nyambura na wenzake waliporudi chumbani baada ya kula, walimkuta Déborah amesimama mbele ya kinanda, chupa mkononi. Kinanda kilikuwa kimelowa, na matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye funguo zake mpaka sakafuni. Ronald alijaribu kukiwasha. Hakikutoa sauti.

Wote walianza kusema kwa pamoja. Déborah aliwatazama mmoja mmoja, akatafuta maneno ya Kiingereza, akayakosa. Mwishowe akamgeukia Nyambura.

"Si mimi," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Nilikuta maji iko juu. Nilikimbia kutafuta kitambaa, sikupata."

Nyambura alielewa kila neno. Mtu mmoja akauliza Déborah amesema nini. Wenzake wote walikuwa wakimtazama, na Nyambura akahisi uso wake ukipata joto. Akasema hajui.

Xavier hakuwepo. Alikuwa nyumbani akiugua tetekuwanga. Mtu akapendekeza kesi imsubiri, lakini wengine walikuwa na hasira, wakasema waziri mkuu yupo na aamue yeye. Nyambura alijiona mkubwa ghafla. Alisema wiki moja haitoshi kwa kosa kama hilo, hivyo kuanzia leo sheria ni kukaa nje mpaka mwisho wa muhula, na Déborah hatapiga kinanda kwenye tamasha. Hakuna aliyemuuliza Déborah chupa yake ilikuwa na nini. Nyambura mwenyewe alimfungulia mlango, akamtoa.

Mwalimu Jaswinder alipopata habari za kinanda alimwita Nyambura na kumuuliza jambo hilo limeshughulikiwaje.

"Mahakama imeshaamua, Mwalimu," Nyambura alisema.

Mwalimu akadhani wamemteua mwingine kushika nafasi ya Xavier, akasema kwamba kama mahakama imeamua, yeye hataingilia.

Jioni ile, akiwa chumbani kwake, Nyambura alitoa vitabu kwenye begi akavikuta vimegandana. Chini kabisa ya begi kulikuwa na chupa yake ya sharubati ya embe. Kifuniko kilikuwa kimelegea na chupa ilikuwa tupu. Alikaa kitandani. Alikumbuka kwamba mchana, alipokwenda kukagua madirisha, aliliweka begi lake, lililokuwa limelowa mvua, juu ya kinanda, kisha akalichukua bila kulitazama. Lilikuwa begi la kitambaa, na upande wake wa chini sasa ulikuwa na doa kubwa la manjano lililonata kwenye vidole. Yeye ndiye aliyeingiza kinywaji.

Alilisugua begi kwenye sinki mpaka mikono ikauma, na doa halikutoka lote. Chakula cha jioni hakikushuka. Alijiambia kwamba labda Déborah naye alimwaga kitu, na labda kinanda kilikuwa kibovu tangu zamani. Kila alipojiambia hivyo, alirudi kulitazama lile doa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kupitia dirisha la chumba cha muziki alimwona Déborah akila peke yake chini ya paa dogo la kuegeshea baiskeli, kofia ya koti kichwani, vidole vyake vikigonga goti kana kwamba kuna funguo hapo. Nyambura alihama dirishani, akajikuta amerudi. Mwalimu alipomwita mtu yeyote kwa jina, alishtuka. Zaidi ya yote alimwogopa Xavier. Siku atakaporudi angeuliza kesi ipi imeamuliwa na mahakama ipi, na hapo Mwalimu angejua kwamba amedanganywa. Nyambura alianza kuomba tetekuwanga ya Xavier ichelewe kupona, na alipojisikia akiomba hivyo aliona aibu.

Jumamosi mama yake hakuwa na zamu. Alikuwa akichambua sukumawiki mezani, akasema bila kuinua macho kwamba mtoto wake hali, halali vizuri, na begi lake zima limefuliwa katikati ya wiki. Alimuuliza kama kuna mtu anayemsumbua shuleni.

Nyambura alilia kabla hajasema lolote. Kisha akaeleza yote, na bila kujua akaeleza kwa Kiswahili. Alipofika mahali Déborah aliposema si yeye, mama aliacha kuchambua.

"Alikusemesha Kiswahili, nawe ukasema hujui?"

"Ndiyo, Mama."

Mama aliisukuma sukumawiki kando. Nyambura alingoja kufokewa. Badala yake mama alimsimulia jinsi mwaka wake wa kwanza kazini alivyolaumiwa kwa dawa ambayo mtu mwingine alimpa mzee mmoja kwa makosa. Kiingereza cha wenzake kilikuwa na kasi na lafudhi asiyoizoea, naye kila alipotaka kujitetea alikatizwa. Aliokolewa na muuguzi mmoja aliyesema tu kwamba wamwache amalize. Alisema hakumbuki tena waliomlaumu, ila huyo muuguzi hatamsahau.

"Kinanda ni kitu, mwanangu. Kinaharibika, kinatengenezwa," alisema. "Lakini yule msichana umemfungia mdomo. Nenda ukamfungue wewe mwenyewe, kabla mtu mwingine hajakulazimisha."

Jumatatu Nyambura alifika shuleni mapema. Ngazini alisimama mara mbili akitaka kurudi. Mwalimu Jaswinder alikuwa akipanga viti. Nyambura alimwambia kwamba hakukuwa na mahakama, kwamba aliamua yeye, kwamba sheria nyingine alijitungia yeye, na kwamba kilichomwagika kwenye kinanda kilitoka kwenye begi lake. Akaweka ufunguo mezani.

Mwalimu hakufoka. Alivuta kiti, akaketi, akasema anasikitika kwamba alidanganywa, na anasikitika zaidi kwamba yeye mwenyewe hakuuliza zaidi. Xavier amepona, alisema, na amerudi leo. Kesi itasikilizwa upya, na safari hii kama inavyotakiwa.

Mchana ule darasa zima liliketi katika chumba cha muziki. Xavier, uso ukiwa bado na vidoadoa, aliuliza nani atamtafsiria Déborah. Nyambura aliinua mkono. Xavier akamkatalia kwa upole, akasema Nyambura ni mshtakiwa katika kesi hii na hawezi kuwa pia mdomo wa aliyedhulumiwa. Ndipo Mwalimu Jaswinder akasema atatafsiri yeye. Wanafunzi walishangaa. Mama yake, alieleza, alizaliwa Jinja, Uganda, na Kiswahili cha dukani hakijamtoka mpaka leo, ndicho alichowafundisha watoto wake.

Xavier alimuuliza Déborah chupa yake ilikuwa na nini siku ile. Ilikuwa na maji ya kunywa, Déborah alijibu, na ilikuwa imefungwa. Alieleza tena jinsi alivyokuta kinanda kimelowa na kunata, na jinsi alivyokimbia hadi chooni kutafuta kitambaa akakosa. Mwalimu alitafsiri polepole, wengine wakainamisha vichwa. Kisha Déborah akaomba kumuuliza Nyambura swali moja.

"Ile siku, ulinisikia?"

"Nilikusikia," Nyambura alijibu kwa Kiswahili, mbele ya wote.

"Na ulielewa?"

"Nilielewa. Nisamehe."

Déborah akaitikia kwa kichwa, akaketi.

Xavier aliandika kidogo kisha akasoma hukumu. Déborah hakuwa na kosa lolote na tamasha lake lilikuwa lake. Nyambura alivunja sheria ya kinywaji, na adhabu iliyoandikwa ni wiki moja nje. Mtu mmoja alisema ni ndogo mno, kwa kuwa Déborah alipewa muhula mzima. Xavier alisema adhabu ya muhula mzima haikutungwa na Bunge, kwa hiyo mahakama haiwezi kumpa mtu yeyote, hata Nyambura. Kuhusu uongo na kuhusu kiti cha waziri mkuu, alisema, hilo si la hakimu, waulizwe wabunge.

Ronald aliitisha kura. Mikono iliyotaka Nyambura aondoke ilikuwa mingi kuliko iliyotaka abaki. Alikaa mahali pake mpaka mwisho. Kabla Bunge halijafungwa aliomba kusema, Ronald akamruhusu. Alipendekeza sheria mpya: mtu asihukumiwe kabla hajasikilizwa katika lugha anayoijua. Ilipita bila kupingwa.

Mwalimu Jaswinder alisimama mbele yao. Aliwaambia kwamba babu yake alikuwa fundi cherehani huko Jinja. Mwaka 1972 mtawala wa nchi ile alitoa amri kwamba Waasia, watu wenye asili ya India kama babu yake, waondoke katika muda mfupi. Mtu huyohuyo ndiye aliyetunga amri, askari wake ndio waliotekeleza, na hapakuwa na mahakama ambayo babu angeweza kwenda kusema neno lake. Aliondoka, akaacha sare ya mtoto wa shule ikiwa imeshonwa nusu, bado chini ya sindano.

"Mimi nimezaliwa hapa Birmingham kwa sababu hiyo," alisema. "Msidhani madaraka hugawanywa kwa sababu viongozi wote ni wabaya. Nyambura si mbaya. Alikuwa na hasira, wenzake walikuwa wakimtazama, na hapakuwa na mtu wa kumwambia ngoja. Ndiyo maana tunamweka mtu wa kusema ngoja. Iwe nchi, jimbo, kaunti au darasa, anayetunga sheria asiwe ndiye anayekamata, na anayekamata asiwe ndiye anayehukumu. Na kila mmoja wenu, hata akiwa peke yake, akigundua amekosea aseme ukweli mapema, kabla aliyeonewa hajaumia zaidi."

Jioni ile fundi wa vinanda alikuja, akakifungua kinanda, akakisafisha na kukikausha. Funguo mbili za upande wa chini hazikulia tena. Mchana wa siku iliyofuata Nyambura aliketi koridoni na chakula chake, akimsikia Déborah akijifunza kuziruka funguo hizo bila wimbo kukatika. Baadaye muziki ulisimama na mlango ukafunguliwa. Déborah alitoka, akaketi sakafuni karibu naye, akamuuliza zile funguo za kinanda huitwaje kwa Kiswahili cha Kenya. Nyambura akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, huku wanafunzi wengine wakipita.