Mikono Yote ya Haarlem

"Hii mikono si yangu."

Josina alisema hivyo akiwa amesimama mbele ya picha yake ya harusi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikivua gauni lake. Ndiyo, gauni lake. Matajiri wa Haarlem hawana muda wa kusimama siku tatu ili fundi achore mikunjo ya hariri. Wanakuja kuchorwa uso, kisha wanatuma nguo na kwenda zao. Nguo hizo lazima zivaliwe na mtu, na kwa mchoraji Huybert Koolwijk mtu huyo nilikuwa mimi, Weyntje, mjane wa baharia, mfua kola za kitani.

"Mikono ni mikono, mwanangu," baba yake alimjibu. Huyo alikuwa Bwana Verhulst, tajiri wa bia. Akikohoa yeye, baraza zima la mji linauliza kama anataka maji.

"Baba, tazama hapa kwenye kidole gumba. Kuna kovu. Shangazi ana kovu hilihili kwenye picha yake. Bibi naye analo kwenye yake. Mimi sijashika pasi tangu nizaliwe, nimeungua wapi?"

Nilitazama kidole gumba changu. Kovu lilikuwa palepale, zawadi ya pasi mwaka nilioanza kazi. Nikakikunja ndani ya ngumi.

Ngoja niwaeleze kidogo kuhusu Huybert. Alikuwa mtoto wa mshona matanga. Akiwa na miaka kumi na mitatu alipelekwa kwa fundi mkubwa kusaga rangi. Alichokitaka maishani ni kuchora picha za historia: Esta mbele ya mfalme, Yoshua na kuta zake, mababu zetu walipozingirwa na Wahispania. Lakini walionunua historia walikuwa wachache, basi akachora sura za watu: wapika bia, wachungaji, wajane wenye videvu vitatu. Alizichora vizuri mpaka watu wakasema picha zake zinapumua. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kwenye ukuta mmoja tu wa ukumbi wa mji. Mwaka ule baraza lilitaka picha kubwa ya Esta ikae pale, na neno la mwisho lilikuwa la Verhulst.

Na mimi nilimpenda. Niseme tu, maana ndiko tunakoelekea. Miaka sita nilisimama chumbani mwake nikiwa na nguo za wake za watu, na katika miaka hiyo sita neno tamu kuliko yote aliloniambia ni "usitikisike."

Mwanzoni nilimuuliza kwa nini hatumii mdoli wa mbao kama mafundi wengine, yule mwenye ukubwa wa mtu na viungo vinavyopinda. Akasema anaye darini, ila panya wamemla vidole vyote. Nikamwonea huruma, nikaendelea kuja.

Sasa siku ile mfukoni mwangu kulikuwa na barua ya Aris, mwoka mikate wa mji wa Alkmaar, mgane mwenye watoto wawili. Iliandikwa hivi: "Weyntje, nijibu kabla ya Jumapili, ukikubali nimwambie mchungaji atutangaze. Nyumba yangu ina joto. Watoto wanakula kila kitu." Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimeamua kwamba Huybert asipotamka lolote siku ile, naandika ndiyo.

"Nani yuko nyuma ya pazia?" Verhulst akauliza.

Nikatoka na aproni yangu. Akanitazama mikono, akaitazama picha, akanitazama tena.

"Kwa hiyo mama yangu mzazi, pale sebuleni kwangu, ana mikono ya dobi."

"Ni mikono safi, bwana," nikasema. "Inashinda kwenye sabuni."

Josina akaficha kicheko kwenye kiganja. Baba yake hakucheka. Alimwambia Huybert kwamba mikono ya binti yake ifutwe na ichorwe upya kwa kutumia mdoli, kama wanavyofanya watu wenye akili.

"Na ule ukuta wa ukumbi wa mji ni wako," akaongeza. "Ila huyu mama asikanyage tena hapa. Sitaki watu waje kumcheka Esta wetu eti ameunguzwa na pasi."

Nikamtazama Huybert. Alikuwa ameshika burashi, macho sakafuni. Nikangoja. Nikamngoja mpaka nikaona aibu kwa niaba yake, kisha hasira ikanipanda.

"Msihangaike," nikasema. "Mimi nakwenda Alkmaar kuolewa. Fundi, ngoja nikuletee mdoli wako, uhangaike na visiki vya vidole vyake."

Nikapanda ngazi za dari nikilia, sioni pa kukanyaga. Mdoli alikuwa kwenye kona, amefunikwa shuka safi, shuka niliyoifua kwa mikono yangu mwenyewe. Nikaifunua. Vidole kumi. Nikahesabu tena, kumi. Hapakuwa hata na alama ya jino la panya.

Nilikaa kwenye sanduku nikavuta pumzi. Halafu nikamtia mdoli begani, nikashuka naye kama mlevi anayerudishwa kwao.

"Huybert," nikasema, "panya gani hao?"

Masikio yake yakawa mekundu. Verhulst akamtazama mdoli, akamtazama Huybert, akaanza kuvihesabu vile vidole.

"Mdoli ni mzima," Josina akasema taratibu.

"Ni mzima siku zote," Huybert akajibu. Akaweka burashi chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mchana. "Nilikudanganya, Weyntje."

"Kwa nini?"

"Ningemtumia yeye, wewe ungekuja kufanya nini hapa?"

"Si ungesema tu unataka nije?"

"Nilikuwa nangoja nipate ukuta wa ukumbi wa mji. Nilitaka nikwambie nikiwa mtu mbele za watu."

"Miaka sita, Huybert?"

"Ulikuwa unasimama vizuri sana."

Josina hakujizuia tena, akacheka waziwazi. Mimi nilikuwa nataka kucheka na kumpiga Huybert kwa mkono wa mdoli, vyote kwa pamoja.

"Na kovu je? Macho yako yote hayo, hukuona unawabandika wake za watu kovu langu?"

"Nililiona," akasema. "Kila mara nilitaka kuliacha. Nikiliacha, naona nimechora mkono wa mtu nisiyemjua."

Hapo nililia mbele yao wote, sikujificha. Hakuna mwanaume aliyewahi kuniambia neno kama lile, hata marehemu mume wangu, Mungu amrehemu.

Verhulst akavaa kofia. "Huybert, mimi bado nangoja jibu langu."

Huybert akanitazama mimi kwanza. Nilijua anachokiacha. Nilishaona michoro ya Esta wake, zaidi ya arobaini, imejaa chini ya kitanda.

"Bwana Verhulst," akasema, "huyu akinikubali, hapa patakuwa kwake, na mwenye nyumba hafukuzwi. Mpeni mwingine ukuta."

Tajiri akatoka bila kuaga. Huybert akabaki amesimama, mikono imemning'inia, hajui aiweke wapi.

"Na Alkmaar?" akauliza.

"Nipe karatasi," nikamwambia.

Niliandika palepale: "Aris, wewe ni mtu mwema na mikate yako ni mitamu. Lakini kuna mtu amenidanganya miaka sita na nimemsamehe. Usiningoje."

Jumatatu Josina alirudi peke yake. Alimwomba Huybert amchore mikono yake mwenyewe, kucha zake zikiwa zimetafunwa hivyohivyo. Siku ya harusi yake, bwana harusi alizitambua kucha zile pichani kabla hajautazama uso.

Ukuta wa ukumbi alipewa mchoraji wa Amsterdam. Sitasema Huybert hakuumia. Alikwenda kuiona picha mara moja, akarudi, akanywa supu yake ya njegere. Baadaye akasema Esta yule ana mikono kama viazi, akaomba supu tena.

Sisi tulitangazwa kanisani Jumapili tatu, tukaoana. Picha zetu mbili, yeye kushoto na mimi kulia kama ilivyo desturi, zilichelewa mwaka mzima kwa sababu wateja walitangulia. Siku alipouchora uso wangu kwa mara ya kwanza, aliufuta na kuuanza upya mara mbili. Kisha ikafika zamu ya mikono.

"Usitikisike," akasema.

Lakini binti yetu alikuwa amelala mapajani mwangu, amekishika kidole gumba changu, kile chenye kovu, na kukitoa kungemwamsha.

"Mume wangu," nikamwambia, "kamlete mdoli."

Basi ndivyo ilivyo mpaka leo. Haarlem nzima, mwanamke aliyechorwa na Huybert kwa mikono ya mbao ni mmoja tu, na ndiye mke wake.