Panya wa Kwenye Debe

Aliyemwambia Ferista kwamba panya yule asiuawe alikuwa Bibi Tulinagwe, mkunga wa kitongoji chao kule Iyula, yule yule aliyempokea mtoto wake duniani.

Jua lilikuwa linazama. Ferista alitoka kwenda ghalani kuchukua mahindi ya kupukuchua. Jikoni alimwacha Bibi Tulinagwe, aliyekuja kuomba moto, akiwa amempakata Conjesta, mtoto ambaye wiki ile alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Ferista hata hajaufungua mlango wa ghala vizuri, akasikia mtego wa chuma ukifyatuka.

Na kule jikoni mtoto akapiga yowe.

Aliinua kibatari. Panya mkubwa wa rangi ya majivu alikuwa amebanwa mguu wa nyuma, wa kulia. Hakulia. Hakuhangaika. Alikuwa anamtazama tu...

Ferista akaokota gongo. Kabla hajalishusha, mkono mkavu ukamdaka. Bibi Tulinagwe alikuwa nyuma yake, mtoto begani.

"Acha," alinong'ona. "Mguu wa mwanao umelegea. Huo huo wa kulia. Kitovu chake ulikiweka wapi?"

 Desturi yao ilikuwa kwamba kitovu cha mtoto kikidondoka, mama mzaa baba hukichukua na kukizika shambani kwake, chini ya shina la kahawa, ili mtoto awe wa pale. Lakini Loisi, mama mkwe wake, alikikataa mbele ya watu, akisema yeye haziki asichokijua. Nikodemo, baba wa mtoto, alikuwa Tunduma, akivusha mchele kwenda Zambia na kulala kwa mwanamke mwingine. Kwa aibu, Ferista alikifunga kitovu kwenye kitambaa, akakichomeka ghalani katikati ya mahindi, akingoja mume arudi. Mume hakurudi. Siku aliyokwenda kukitazama, alikuta kitambaa kimetafunwa, kitovu hakipo.

Hakumwambia mtu.

"Ukimuua huyu, utazika wawili," bibi alisema. "Mponye."

Akamponya. Bibi alimwelekeza amweke kwenye debe la bati, maana kuta zake zinateleza na panya asingepanda akautonesha mguu. Ferista alikata kitenge chake cha harusi vipande vipande, akamtandikia. Kila asubuhi aliondoa vilivyolowa na kuweka vikavu, ili kidonda kisioze. Alimwosha kwa maji ya chumvi. Debe alilisogeza karibu na mafiga, lipate joto lisipate moshi, akalifunika kwa wavu na gunia, kwa sababu mgonjwa hupona gizani, pakiwa kimya. Maji aliyaweka kwenye kizibo. Uji alimlambisha kwenye ncha ya kidole. Mayai ambayo angempa Conjesta aliyagawa, nusu kwa panya.

Panya alipogoma kula, mtoto naye aligoma. Usiku panya alipotetemeka, mtoto alitetemeka. Kidonda kilipoanza kukauka, Conjesta akaanza kuukunja mguu.

Kisimani habari zilifika mapema, na wanawake wakampa jina la Mama Panya. Mmoja alimuuliza kama mahari imeshatolewa. Mwingine akasema heri huyo panya analala nyumbani, kuliko Nikodemo. Walicheka mpaka maji yakamwagika. Ferista alijitwisha ndoo yake akaondoka.

Kisha ikaja jioni ile.

Giza lilikuwa linaingia. Mbwa wa jirani alikuwa anabweka, akanyamaza ghafla, kama aliyezibwa mdomo. Ikaja harufu ya mahindi yaliyovunda... Ferista akageuka.

Mlangoni alisimama Loisi. Tangu mtoto azaliwe, hakuwahi kukanyaga pale.

Ferista alipiga goti, akamwamkia. Loisi hakuitikia. Wala hakumtazama mtoto aliyelala kitandani, ng'ambo ya mafiga.

"Amepona mguu?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Huyo unayemfuga."

Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Aliongea taratibu, kwa upole ambao Ferista hakuwahi kuusikia kwake. Alisema Nikodemo angerudi kabla ya mavuno. Mtoto angepewa jina la ukoo. Wangekatiwa kipande cha shamba la kahawa. Yeye hakutaka kitu, ila lile debe tu.

"Mtoto baki naye, mkamwana," alisema. "Mimi nipe cha kwetu."

Ferista alifikiria kuamka asubuhi akasikia mume anakohoa uani. Alifikiria kisimani. Mkono aliokuwa amelifunikia debe ukatoka juu ya gunia. Kidogo tu...

Loisi akainama juu ya debe, akaita polepole.

"Conjesta."

Ndani ya debe, kitu kikasimama.

Ferista alikimbilia kitandani. Mtoto alikuwa macho, ametulia, anatazama juu. Akamwita. Mtoto hakupepesa. Akamwita tena, karibu na sikio, akimtikisa.

Nyuma yake, kucha zikakwaruza bati. Panya alikuwa amemgeukia. Alikuwa anakuja kwenye sauti yake.

Ferista alirudi, akalikumbatia lile debe, akakandamiza wavu kwa kifua mpaka nyaya zikamchoma. Alisema hatoi. Hakujua kama alisema kwa sauti.

Loisi hakumnyang'anya. Aliinuka, akajikung'uta nguo.

"Haya, mlee," alisema. "Ila panya haishi miaka mingi."

Akatoka. Harufu ile ilibaki ndani.

Kama ndiye aliyetuma panya, au alizipata habari kisimani kama wengine, Ferista hakupata kujua. Bibi Tulinagwe alipoulizwa alfajiri, alimjibu mlangoni, bila kufungua, kwamba yeye kazi yake ni kupokea watoto, si kuwatafuta.

Ferista alirudi nyumbani. Conjesta alikuwa ameshuka kitandani mwenyewe. Alitembea bila kushika ukuta, mguu mzima, akampita mama yake, akaenda moja kwa moja kwenye debe. Akaingiza vidole kwenye wavu, akacheka.

Ferista akawasha moto. Akakoroga uji, akauvunjia yai moja lililobaki, akaupooza kwa kuupuliza. Mtoto alimwinulia mdomo wazi, akingoja.

Kijiko cha kwanza akakipeleka kwenye debe.